Kuandaa bustani ya nyumbani Dodoma kabla ya mvua za kwanza

Mkazi wa Dodoma anayesubiri mawingu ndipo atafute jembe huwa amekwisha kuchelewa. Mvua zetu ni za msimu mmoja: huanza mwishoni mwa Novemba au ndani ya Desemba, hukoma Aprili, na katika mwaka wa kawaida jumla yake ni kati ya milimita 500 na 600. Kiasi hicho si haba kwa bustani ya mboga, ila tatizo liko katika namna kinavyokuja, kwa maana mvua hunyesha siku chache, kwa nguvu, juu ya ardhi iliyokauka tangu Mei na kuwa ngumu kama sakafu, kisha maji hutiririka barabarani na kuingia makorongoni kabla hayajapata nafasi ya kuzama. Kwa hiyo kuandaa bustani hapa ni, kwanza kabisa, kuandaa mahali pa kuyapokea maji. Mambo ya mbegu na mbolea yanafuata nyuma ya hilo.

Mwongozo huu umetokana na kazi ya kikundi kidogo cha bustani cha majirani wa mtaa mmoja upande wa Miyuji, ambacho mimi ndiye katibu wake. Tuko kumi na wawili, wengi wetu tukiwa na viwanja vya kawaida vya mjini ambavyo nyumba, choo na njia ya gari vimekwisha kumeza sehemu kubwa, na kilichobaki kwa bustani ni mita 30 au 40 za mraba. Yanayoelezwa hapa yanatosha kwa eneo la ukubwa huo, na yanaweza kufanywa na mtu mmoja, ingawa nitaeleza kwa nini ni afadhali yafanywe na watu kadhaa kwa zamu.

Kukagua kiwanja

Kazi huanza Septemba, na haianzi kwa kuchimba. Sisi hupita nyumba kwa nyumba Jumamosi mbili mfululizo, wote pamoja, tukiwa na sururu, ndoo ya maji na daftari. Katika kila kiwanja huchimbwa shimo moja lenye kina cha sentimita 40, likajazwa maji, likaachwa yazame yote, kisha likajazwa tena, kwa sababu ujazo wa kwanza huishia kulowanisha ukavu tu na hauelezi lolote. Ujazo wa pili ukizama ndani ya nusu saa, udongo huo ni wa kichanga na utahitaji samadi nyingi ili ushike maji. Ukikaa hadi kesho yake, hapo chini kuna tabaka gumu au mfinyanzi, na lazima tabaka hilo livunjwe, la sivyo mizizi itaoza mwezi wa Januari na kukauka mwezi wa Februari katika shimo hilohilo.

Jambo la pili la kuangalia ni chumvi. Visima vingi vya mji huu hutoa maji yenye chumvi, na bustani iliyomwagiliwa kwa maji hayo kiangazi chote huonekana kwa utando mweupe juu ya udongo, hasa kandokando ya matuta ambako maji hukaukia. Mwenye utando huo asichanganye udongo wa juu na wa chini anapochimba. Aukwangue kwa chepe, kina cha vidole viwili, autupe nje ya bustani, kisha aache nafasi ya mvua za mwanzo kuisukuma chini chumvi iliyobaki. Katika kiwanja cha namna hiyo maharage yapandwe mwisho kabisa, au yasipandwe, kwani ni mepesi kudhurika kwa chumvi, ilhali mchicha na spinachi huvumilia zaidi.

Jambo la tatu ni mwelekeo wa maji, ambao hauhitaji kifaa. Mwenye nyumba huulizwa maji ya mvua ya mwaka jana yaliingilia wapi na kutokea wapi, na mara nyingi hujibu kwa kuonyesha ufa wa ukuta au mfereji uliojichimba wenyewe mbele ya mlango. Mfereji huo ni mali. Bustani ikiweza kukaa upande wa chini wake, nusu ya kazi imekwisha.

Tuta lizame, lisiinuke

Nililelewa Lushoto, ambako tuta la mboga huinuliwa ili maji ya ziada yapate kutoka. Mwaka wangu wa kwanza Dodoma niliinua matuta manne ya sukuma wiki, yakafika karibu na magoti, nikayapiga kingo kwa bapa la chepe hadi yakalainika. Kila asubuhi nilimimina ndoo mbili kwa kila tuta, na kila ilipofika saa nane mchana majani yalikuwa yamelala. Bibi mmoja jirani, Mgogo aliyelima mtama na karanga maisha yake yote, alikuja akasimama kwenye uzio, akayatazama kwa muda, kisha akaniuliza kwa upole, “Mwanangu, haya makaburi ni ya kina nani?” Sikuwa na jibu. Wiki iliyofuata niliyabomoa.

Tuta lililoinuka hupigwa na jua na upepo juu na ubavuni, na kwa sababu udongo wake umelegea, unyevu hutoka pande zote kwa wakati mmoja. Upepo wa hapa kuanzia Agosti hadi Oktoba si wa mchezo. Hukausha nguo kwa saa moja, na tuta nalo halina ujanja. Tuta la kuzama, yaani lile ambalo uso wake uko chini ya usawa wa ardhi, hufanya kinyume: maji hayana pa kukimbilia, upepo hupita juu, na mche mchanga hupata kivuli kidogo cha kingo asubuhi na jioni. Matuta ya kuinuka yana mahali pake, napo ni kwenye udongo mweusi wa mbuga unaotuamisha maji wiki nzima; mwenye kiwanja cha namna hiyo ainue, asinifuate mimi.

Pima upana wa mita 1, ili uweze kufikia katikati kutoka kila upande bila kukanyaga ndani, na urefu wa mita 4, ambao ni rahisi kwa hesabu za samadi na maji zitakazofuata. Chimba udongo wa juu, kina cha sentimita 20 hivi, uuweke upande wa kushoto. Chimba tena udongo wa chini, kina kama hicho, uuweke upande wa kulia, na usiruhusu mirundo hiyo miwili ikutane, kwa sababu ule wa kulia hauna rutuba na kazi yake itakuwa kingo tu. Ukifika chini, piga sururu ili kuvunja sakafu ya shimo, sentimita 15 nyingine, bila kutoa udongo. Hapo ndipo wengi hukata tamaa, maana ardhi ya Oktoba hurudisha sururu mkononi kama imegonga jiwe; dawa yake ni kumwaga ndoo mbili za maji jioni na kuendelea asubuhi.

Juu ya sakafu iliyovunjwa tandaza majivu makavu konzi chache kwa ajili ya mchwa, kisha mabua ya mtama au ya mahindi yaliyokatwa vipande, maganda ya karanga, majani makavu ya mwarobaini, chochote kikavu kilichopo, unene wa kiganja. Halafu rudisha ule udongo wa kushoto ukiwa umeuchanganya na samadi iliyooza, debe moja la lita 20 kwa kila mita ya mraba, yaani madebe manne kwa tuta zima. Sawazisha kwa reki, na hakikisha kwamba uso wa tuta umebaki chini ya ardhi ya pembeni kwa sentimita 10 hadi 15. Ule udongo wa kulia uzungushie kando kama kingo, uushindilie kwa miguu, na upande ambao maji huingilia uache mlango wenye upana wa jembe, ukiwekewa mawe mawili ili maji yasibomoe.

Baada ya hapo funika tuta kwa nyasi na uliache. Lisimwagiliwe, lisipandwe kitu. Linasubiri.

Mazao yanayohitaji nafasi, kama maboga, nyanya na yale mahindi machache ya kuchoma ambayo kila mtu huyataka, hayana haja ya tuta. Kwa hayo tunatumia mashimo ya Chololo, yaliyochukua jina la kijiji cha Chololo mkoani humu humu, ambako wakulima waliyatumia kwanza kwa mtama na uwele. Kila shimo huwa na upana wa sentimita 22 na kina cha sentimita 30. Kutoka shimo hadi shimo ni sentimita 60, na kutoka mstari hadi mstari ni sentimita 90. Ndani hutangulia majivu, hufuata samadi, kisha masalia ya mazao, halafu udongo, na shimo halijazwi hadi juu. Kwa mtu asiye na nguvu za kuchimba tuta zima, mashimo ishirini ya namna hii yanachimbika kwa asubuhi mbili bila kumwita mtu. Boga, hata hivyo, liruke shimo moja au mawili kati ya mche na mche, kwa sababu hutambaa likala njia.

Samadi na mboji

Wafugaji wa pembezoni mwa mji wana samadi kuliko wanavyoweza kuitumia, na bei yake huwa nafuu Septemba kuliko Desemba, kila mtu anapoikumbuka kwa mara moja. Faida ya kikundi hapa ni ya wazi kabisa. Mtu mmoja mwenye matuta matatu anahitaji madebe 12, na hakuna kirikuu kitakachokwenda kijijini kwa ajili ya madebe 12. Watu kumi wenye matuta matatu kila mmoja wanahitaji madebe 120, na hapo safari ina maana na nauli inagawanyika.

Ila samadi inunuliwe kwa debe, isinunuliwe kwa safari. Mwaka juzi tulilipia gari zima tukiwa tumesimama mbali, tukaletewa mzigo uliokuwa mweusi juu na mwekundu chini, kwa kuwa aliyepakia alikwangua zizi hadi kwenye udongo wenyewe. Tulipochekecha debe moja kwa majaribio, karibu nusu ilikuwa mchanga. Tangu hapo wanakwenda wawili, wanazamisha mkono hadi kiwiko katika rundo kabla ya kupakia, na wanakataa bila aibu. Samadi iliyo tayari haina harufu kali, haina joto ndani, huvunjika mkononi, na huwezi tena kutambua kipande cha nyasi au kinyesi. Ya mbuzi hukaa na umbo lake kwa muda mrefu, kwa hiyo ipondwe. Ya kuku ni kali mno, na ikiwekwa mbichi huunguza miche. Iachwe ioze miezi miwili au zaidi, na hata hapo nusu debe linatosha mahali ambapo debe zima la ng'ombe lingewekwa.

Mboji ni habari ya kuanza mapema, ikiwezekana Juni au Julai, wakati mabua na maganda bado yapo na hayajaliwa na mifugo. Hapa rundo la juu ya ardhi hukauka na kugeuka makazi ya mchwa, kwa hiyo chimba shimo lenye upana wa mita 1.2 na kina cha sentimita 60 kwenye kivuli. Panga tabaka kavu, tabaka bichi, samadi kidogo, majivu kidogo, udongo konzi mbili, umwagie maji kila tabaka hadi liwe kama kitambaa kilichokamuliwa, urudie mpaka shimo lijae, kisha ulifunike kwa magunia. Chomeka mti mrefu katikati hadi chini. Baada ya siku tano uchomoe uushike: ukiwa wa moto na unyevu, kazi inaendelea, ukiwa mkavu, ongeza maji, ukitoka baridi na umeloa, maji yamezidi, fungua uingize hewa. Geuza kila baada ya wiki tatu. Maji ya kuoshea mboga na vyombo visivyo na mafuta yanafaa kumwagiwa humo, na ndiyo sababu shimo letu la kwanza lilichimbwa nyuma ya jiko la mama mmoja ambaye hakuhitaji kukumbushwa.

Maji ya paa

Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Hesabu hii ndogo ingefaa iandikwe mlangoni. Paa la mita 40 za mraba, ambalo ni la nyumba ya kawaida tu, hupokea lita 800 kwa mvua moja ya milimita 20, yaani ndoo 40, na kwa msimu mzima wa milimita 550 hupokea lita 22,000, ingawa sehemu ya maji hayo hupotea kwa kuruka na kuvuja. Kwa upande mwingine, ndoo moja ya lita 20 katika tuta la mita 4 za mraba ni sawa na mvua ya milimita 5, kiasi kinachotosha miche kwa siku moja ya jua kali. Mtu akiwa na simtanki la lita 1,000 na matuta matatu, ana maji ya siku kumi na sita bila kufungua bomba.

Siku kumi na sita hizo si za kudharau. Mara kwa mara mvua za kanda ya kati hukatika katikati ya msimu, hasa Februari, kwa wiki mbili au zaidi, na mboga nyingi za nyumbani hufa wakati huo zikiwa zimebakiza muda mfupi kuvunwa. Kwa hiyo mifereji ya paa isafishwe na kuzibwa matundu kabla ya Novemba kwisha. Maji ya mvua ya kwanza yaachwe yapite, kwa kuwa huosha vumbi la miezi saba pamoja na kinyesi cha ndege. Yaelekezwe moja kwa moja kwenye mipapai. Asiye na tanki aelekeze bomba la paa kwenye mlango wa tuta la juu, na tuta la juu limwagikie la pili, na la pili la tatu.

Maji ya kufulia yasimwagwe kwenye mboga za majani, kwa sababu ya sabuni. Mipapai na milonge huyavumilia, mradi yasimwagwe mahali pamoja kila siku.

Mbegu na kitalu

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa mvua za msimu, ule wa Novemba hadi Aprili, kabla msimu haujaanza, na sisi huusoma kwa pamoja katika kikao cha kwanza baada ya kutoka. Mvua zikitabiriwa kuchelewa, kitalu nacho huchelewa. Ndiyo maana tarehe ya kusia mbegu haipangwi mwezi wa Septemba, hata kama kuna mwenzetu mwenye haraka.

Mbegu za dukani zinunuliwe zikiwa katika pakiti iliyofungwa, yenye lebo ya uthibitisho wa ubora na tarehe inayosomeka; zinazopimwa kwa kijiko kutoka kopo lililoachwa wazi juani zina bei ndogo na hasara kubwa. Mbegu za nyumbani, kama kunde, mlenda, maboga na mgagani, hubadilishana mikono ndani ya kikundi bila fedha. Zote hujaribiwa. Chukua mbegu 20, zifunge katika kitambaa chenye unyevu, ziweke mahali penye joto, kitambaa kisikauke, uhesabu baada ya siku saba, na kwa nyanya chungu au pilipili hoho baada ya siku kumi na nne. Zikiota 16 au zaidi, mbegu ni njema. Zikiota 12, panda nyingi zaidi. Chini ya 10, wape kuku.

Mlenda unahitaji maneno machache ya ziada, kwa kuwa watu wengi huulalamikia kwamba hauoti, ilhali hujiotea wenyewe porini. Ganda la mbegu yake ni gumu, na maji hayapenyi. Funga mbegu katika kitambaa, uzamishe katika maji yaliyotoka tu kuchemka kwa sekunde kama 10, uzitoe mara moja na kuziingiza katika maji baridi, kisha uzianike kivulini zikauke kabla ya kuzipanda. Hesabu hizo sekunde kwa sauti. Mwenzetu mmoja aliitwa mlangoni katikati ya kuhesabu, na alichokipanda siku ile kilikuwa mboga iliyokwisha kupikwa.

Kitalu chetu ni cha pamoja, na huu ndio mpango ambao nisingekubali uachwe. Kipo kwenye nyumba yenye bomba la uhakika na mtu anayeshinda nyumbani, na wengine hulipia maji kwa mchango. Kina tuta moja la mita 1 kwa 3, lenye udongo uliochekechwa na kuchanganywa na mboji, na juu yake kichanja cha nyasi kilichoinuliwa mita moja upande wa mashariki na kuteremka kidogo upande wa magharibi, ili jua la asubuhi liingie na la alasiri lizuiwe. Mbegu husiwa katika mistari iliyoachana sentimita 15, kina kisichozidi sentimita 1, zikafunikwa kwa nyasi kavu nyepesi ambazo huondolewa jioni ya siku miche inapochungulia. Jioni, si asubuhi; miche iliyofunuliwa asubuhi hukutana na jua la Novemba ikiwa bado laini.

Nyanya na sukuma wiki hukaa kitaluni wiki nne, nyanya chungu, bilinganya na pilipili hoho wiki tano hadi sita. Kwa hiyo kama mvua zinatarajiwa katikati ya Desemba, nyanya chungu husiwa mapema Novemba na nyanya katikati yake. Wiki ya mwisho maji hupunguzwa na kichanja hufunguliwa kidogokidogo, ili miche izoee maisha inayoyaendea. Mchicha, bamia, kunde, mlenda na maboga haviingii kitaluni kabisa. Hupandwa palepale vitakapokulia.

Uzio

Mbuzi wa mtaani hajui katiba ya kikundi. Kiangazi mifugo hutembea huru ikitafuta chochote cha kijani, na bustani iliyolindwa kwa kamba moja na matumaini huliwa usiku mmoja. Uzio wa matawi ya miiba unatosha kwa msimu wa kwanza, huku ukipanda minyaa kwa ajili ya misimu ijayo. Vipande vyake vichomekwe Oktoba, kwa kuwa hushika hata katika ukame. Utomvu wake ni hatari kwa macho, hivyo watoto wasishirikishwe katika kazi hiyo na anayekata asijifute uso. Kuku wa mwenye nyumba ni adui mwingine, tena wa ndani, na kwao dawa ni kufunika tuta kwa matawi makavu hadi miche ifike kimo cha kiganja.

Zamu ya kazi

Kuchimba tuta moja la kuzama peke yako huchukua siku mbili za kuumwa mgongo. Watu sita hulimaliza kabla ya chai ya saa nne. Kwa hiyo kuanzia Oktoba ni msaragambo: kila Jumamosi nyumba mbili, kwa mpangilio wa kura iliyopigwa kikaoni ili pasiwe na manung'uniko kwamba mwenyekiti alianza na kwake. Mwenye nyumba hutoa uji na maji ya kunywa, na lazima mabua, majivu na samadi yake viwe tayari pembeni kabla watu hawajafika. Asiye navyo huruka zamu na kwenda mwisho. Asiyeweza kuchimba kwa umri au afya hufanya kazi ya kupima kwa kamba, kupika au kuchekecha udongo wa kitalu, na hesabu yake ni sawa na ya mchimbaji. Afisa ugani wa kata akialikwa huja, tena hufurahi kuona watu kumi pamoja badala ya kuzungukia nyumba kumi, na ni vema kumwalika siku ya kuchimba kuliko siku ya kikao.

Mvua zinapofika

Dalili ya mvua ni mawingu, lakini Novemba ya Dodoma ina mawingu mengi yasiyokuwa na neno. Baada ya mvua ya kwanza usipande kwa furaha. Chimba kwa kisu katika tuta uone unyevu umefika wapi: ukiwa haujafika sentimita 20, ule ulikuwa utangulizi tu, na mbegu zitakazoota kwa unyevu huo zitakauka kabla mvua ya pili haijaja. Ukifika sentimita 20 au zaidi, panda siku hiyohiyo au kesho yake, ukianza na mchicha na kunde, kisha bamia, ambayo mbegu zake zilowekwe usiku kucha. Baada ya kufukia, tandaza nyasi nyepesi juu, kwa sababu udongo wetu mwekundu ukipigwa na matone makubwa na kukaushwa na jua hufanya ukoko ambao mche wa mchicha hauwezi kuuvunja. Mchicha utavunwa baada ya wiki tatu au nne, na majani ya kunde karibu wakati huohuo.

Miche ya kitaluni ihamishwe jioni baada ya mvua ya pili au ya tatu, kila mmoja ukiwa na bonge lake la udongo. Sukuma wiki iachane sentimita 60 kwa 45. Zungushia shina la kila mche majivu kidogo kwa ajili ya sota, wale viwavi wanaokata mashina usiku na kuacha mche umelala kama umepigwa panga. Ukikuta mmoja umekatwa, fukua hapohapo kwa kidole, utamkuta amejikunja kina cha inchi moja, umwondoe kabla hajaendelea na wa pili. Kwa vidukari, kokwa za mwarobaini zilizopondwa, gramu 50 kwa lita 1 ya maji, zilowekwe usiku kucha, zichujwe na kupulizwa jioni.

Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha usiku, toka na tochi. Zunguka bustani nzima ukiwa na vijiti, na kila mahali unapoona maji yanapita juu ya kingo au yanakwepa mlango wa tuta, chomeka kijiti. Kesho asubuhi kila kitu kitakuwa kimekauka juu na hutakumbuka ni wapi, lakini vijiti vitakuwepo, na kingo zitarekebishwa kwa nusu saa wakati udongo bado laini.